Kisu cha kuchorea mbao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka kujitengenezea

Penseli ipo, kisu cha nini tena?

Penseli iliyochongwa vizuri huacha mstari wa karibu nusu milimita, na ikishachakaa kidogo unafika milimita nzima. Sasa msumeno upite wapi: ndani ya mstari, katikati, au nje? Ukikosea upande kwenye kila ulimi na kila tundu, meza inayumba kabla haijatoka karakana. Kisu hakiachi mstari wenye unene. Kinaacha mfereji mwembamba ambao ukuta wake mmoja umesimama wima, na ukuta huo ndio kipimo chenyewe. Ukiweka patasi, inaingia mferejini yenyewe, huhitaji kukodoa macho.

Faida ya pili ni kwamba nyuzi za juu za mbao zinakuwa zimeshakatwa kabla msumeno haujafika, kwa hiyo uso haubanduki vipande. Kwenye mninga wenye nyuzi zilizopindapinda, au kwenye plaiwudi, hilo peke yake linatosha kukushawishi.

Penseli haitupwi. Itumie kwa kazi ya juujuu: kuandika namba, kuonyesha upande wa kutupwa, kukadiria.

Kwa nini nisitumie kisu cha jikoni au kata ya karatasi?

Visu hivyo vimenolewa pande zote mbili. Ukikiegemeza kwenye skwea (kipimo cha pembe mraba), makali hayagusi ukingo wa skwea; yako katikati ya unene wa bapa, kwa hiyo mstari unasogea nje kidogo, na unasogea tofauti kila ukibadilisha ulalo wa mkono. Wembe wa kata nao unapinda ukikutana na uzi mgumu. Kwa dharura kata inafaa, kwa kazi ya viungo hapana.

Kisu cha kuchorea kina mshazari, yaani mteremko wa kunoa, upande mmoja tu. Upande wa pili ni ubapa mtupu, ulionyooka mpaka kwenye makali. Ubapa huo ndio unaosugua skwea. Mengine yote utakayosoma hapa chini, kuanzia chuma, matiko (ugumu ambao chuma hupewa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla) hadi mpini, yanautumikia ubapa huo.

Ncha ya mkuki au ncha ya upande mmoja?

Ncha ya mkuki ina makali mawili, kushoto na kulia, na mishazari yake yote miwili iko uso mmoja. Unaweza kuchora ukiwa kulia au kushoto kwa skwea kwa kugeuza kisu tu. Kwa mtu anayetengeneza kisu kimoja, tunapendekeza hiki.

Ncha ya upande mmoja, yenye makali yaliyokatwa mshazari kama kiridashi, kisu cha Wajapani, ni rahisi zaidi kupiga tupa na kunoa kwa sababu makali ni moja. Ubaya wake ni kwamba kina mkono: cha mtu wa kulia hakimfai wa kushoto. Kwa anayeshika kisu kama penseli mkono wa kulia, ubapa unatazama kushoto, mshazari unatazama kulia, na makali yanakuelekea wewe. Wa mkono wa kushoto anageuza. Angalia hilo kabla hujapiga tupa, kwa sababu baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Vipimo ni vipi?

Bapa lenye upana wa 12 hadi 16 mm, unene wa 1.5 hadi 2 mm. Kinachotokeza nje ya mpini kiwe 40 hadi 45 mm. Kikizidi hapo kinatetereka. Msuka, yaani sehemu inayozama ndani ya mpini, uwe na urefu wa 50 mm au zaidi. Mpini wenyewe 110 mm hivi.

Unene wa 3 mm unawezekana, ila ncha nene haifiki kwenye kona finyu, hasa unapohamisha alama ya meno ya droo kutoka ubao mmoja kwenda mwingine. Kama hiyo ndiyo kazi yako kubwa, shuka hadi 1 mm.

Chuma kipi kinafaa, na nakipata wapi?

Vitu vinne hupatikana karibu kila mji wenye gereji na mafundi vyuma.

Bledi kuukuu ya msumeno wa mashine wa kukatia chuma, ile nene ya 1.5 hadi 2 mm. Nyingi ni chuma cha kasi (kinaandikwa HSS ubavuni). Hiki kimeshatiwa matiko kiwandani na hakilegei kwa moto wa grenda hadi kifike karibu nyuzi 600. Kata umbo, noa, tia mpini, basi. Kasoro yake: huwezi kukitoboa kwa kekee ya kawaida, na tupa haing'ati. Zingatia pia kwamba baadhi ya bledi za siku hizi ni chuma cha aina mbili kilichounganishwa. Meno ndiyo magumu, mgongo ni laini. Pitisha tupa kwenye mgongo: ikiteleza kama juu ya kioo, ni ngumu yote. Ikikwangua, iache.

Bledi ya msumeno wa mkono ina unene wa karibu 0.6 mm. Inapinda. Si ya kisu hiki.

Tupa kuukuu ni chuma kizuri sana, chenye kaboni ya zaidi ya asilimia 1. Ndiyo tunayoieleza kwa kirefu hapa chini, kwa sababu inapatikana kila mahali na inafundisha kazi yote. Lakini kuna tupa za bei ya chini ambazo ni ngumu ngozi ya nje tu. Kipande cha jaribio kinaelezwa kwenye swali linalofuata.

Springi ya bapa ya gari. Chuma kizuri kwa panga na shoka, ila ni nene mno na kaboni yake ni ndogo kuliko ya tupa. Utapiga tupa kutwa nzima ili uishie na makali yasiyodumu sana. Tunaiweka mwisho.

Nondo, misumari na mabati havishiki matiko. Na chochote chenye rangi ya zinki usikitie motoni. Moshi wake unaleta homa na kifua.

Nitajuaje kama tupa yangu ni chuma cha kweli hadi ndani?

Vunja kipande cha sentimita mbili mwishoni: kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani, gonga kwa nyundo. Tupa nzuri inakatika kwa mlio mkali, na pale palipokatika panaonekana pa kijivu, chembe laini zilizofanana kutoka ukingo hadi katikati. Ukiona pete ya rangi moja nje na rangi nyingine ndani, au kipande kikapinda kabla ya kukatika, hiyo ni ngumu ngozi tu.

Naanzaje? Tupa ni ngumu, haikatiki.

Ilainishe kwanza. Iweke kwenye mkaa hadi iwe nyekundu ya kuelekea chungwa urefu wote utakaoutumia, kisha ifukie haraka kwenye majivu makavu, kina cha shubiri au zaidi, uiache hadi kesho yake. Majivu mabichi yanaipoza haraka na inarudi kuwa ngumu. Asubuhi pitisha tupa nyingine juu yake. Ikikwangua bila kuteleza, iko tayari.

Sasa ondoa meno yote ya tupa kwa pande zote mbili, usiache hata alama. Kila jino lililobaki ni mwanzo wa ufa wakati wa kutia matiko. Ni kazi ya kuchosha na watu wengi huiruka. Hao ndio wanaouliza baadaye kwa nini kisu kimekatika kikiwa ndani ya mafuta.

Kwa bapa la upana wa 15 mm na ncha ya mkuki ya nyuzi 60, chora mstari wa katikati, pima 13 mm kutoka mwisho pande zote mbili, unganisha alama hizo na ncha ya mstari wa katikati. Kata kwa msumeno wa chuma, nyoosha kwa tupa.

Kisha mshazari. Wa nyuzi 25 kwenye chuma cha 2 mm, chora mstari 4.3 mm kutoka ukingoni, ukipima kwa mraba na ukingo wenyewe. Kwa nyuzi 30 ni 3.5 mm. Piga tupa kutoka mstari huo kushuka ukingoni, uso mmoja tu. Usifike kwenye makali: acha ukingo wa unene wa nusu milimita hadi milimita moja. Chuma chembamba kama wembe huungua motoni, kinapoteza kaboni, na kinapindapinda kikiingia kwenye mafuta.

Toboa matundu ya msuka sasa, kabla ya matiko. Matundu mawili ya 3 mm yanatosha.

Matiko yanatiwaje?

Fanyia kivulini au jioni, maana juani huoni rangi ya moto. Andaa kopo la chuma lenye lita moja ya mafuta ya kupikia, na mfuniko wake karibu. Yapashe mafuta kidogo hadi nyuzi 50 au 60, joto ambalo kidole hakivumilii. Mafuta ya baridi ni mazito na hayapozi chuma haraka inavyotakiwa.

Jiko la mkaa linalopulizwa kwa mvukuto au feni ya kukaushia nywele linatosha kwa kisu hiki. Pasha 40 mm za mbele, polepole, ukigeuzageuza ili ncha isitangulie. Msuka uache mweusi. Chuma kikianza kuwa chekundu, kigusishe kwenye sumaku: kinashikwa. Rudisha motoni, jaribu tena. Pale sumaku inapoacha kukishika, umefika karibu nyuzi 770. Ongeza kidogo tu, wekundu upande hatua moja, usubiri sekunde chache joto lifike ndani, kisha kizamishe.

Kopo liwe kando ya jiko kabisa. Bapa la 2 mm linapoa kwa sekunde moja au mbili hewani, na hizo mbili zikipita matiko hayashiki. Ingiza ncha kwanza, wima, na upandishe na kushusha. Usikoroge kama uji: upande unaotangulia unapoa kwanza na kisu kinapinda.

Mafuta yakiwaka, funika kopo. Maji yasikaribie.

Baada ya dakika moja kitoe, kifute, pitisha tupa kwenye ukingo. Ikiteleza bila kukwangua, matiko yameshika. Wakati huo kisu ni kama kioo. Kikianguka sakafuni kinakatika.

Kwa nini nipunguze matiko niliyoyatafuta kwa shida?

Kwa sababu ncha itamenyeka siku ya kwanza. Safisha uso kwa msasa hadi ung'ae, kisha kiweke kwenye oveni nyuzi 200 hadi 210 kwa saa moja, kipoe, urudie saa moja nyingine. Namba za kwenye kitasa cha oveni usiziamini; weka kipimajoto ndani.

Sina oveni.

Kikaango kikuukuu chenye mchanga mkavu wa kina cha sentimita nne, juu ya mkaa. Laza kisu juu ya mchanga, msuka umezama, ncha imeinuliwa kidogo. Usibanduke hapo. Rangi zitaanza kutokea upande wa msuka na kutembea kuelekea ncha: manjano hafifu kama nyasi kavu, manjano iliyokolea, kahawia, zambarau, kisha buluu. Manjano hafifu ikifika kwenye ncha, zamisha majini. Kahawia kwenye ncha bado kisu kinatumika ila kitakuwa kikiomba kunolewa mara kwa mara. Buluu kwenye ncha, rudi mwanzo, tia matiko upya.

Kimetoka kimepinda. Kimepasuka. Hakikushika.

Kimepinda: joto halikuwa sawa pande zote, au kiliingia kwenye mafuta kimelala. Kupinda kidogo, chini ya nusu milimita, kutaondoka kwenye kusugua ubapa. Zaidi ya hapo lainisha tena, nyoosha, rudia. Usijaribu kukinyoosha kwa nyundo kikiwa na matiko kamili.

Kimepasuka: umetumia maji badala ya mafuta, au uliacha meno ya tupa, au kilipata moto kupita kiasi. Chembe za pale palipokatika zikiwa kubwa zinazometa kama sukari, ni moto uliozidi. Ufa hauna tiba.

Hakikushika: moto haukufika, ulichelewa kukizamisha, au chuma si chenyewe. Kabla hujalaumu chuma, kwangua uso kidogo ujaribu tena, kwa kuwa ngozi ya juu hupoteza kaboni motoni na tupa inaweza kukwangua hiyo tu huku ndani kukiwa kugumu.

Kusugua ubapa: nisugue hadi wapi?

Hapa ndipo muda wako uende. Kipande cha kioo cha 5 au 6 mm, kikiwa juu ya meza isiyoyumba, msasa wa maji namba 220 umelowa na kubanwa juu yake. Chora mistari ya kalamu ya wino usio futika kwenye ubapa wote. Bonyeza kwa vidole viwili karibu na ncha, usishike msukani, maana ukishika huko unauinua bila kujua. Sugua mara kumi, tazama.

Wino uliobaki katikati ni bonde. Bonde halina neno. Wajapani hulichonga makusudi ili kusugua kuwe kwepesi. Wino uliobaki pembeni, kando ya makali, ndio ugonjwa: maana yake ubapa una kitambi, na makali yako angani hata ukidhani umekilaza. Kisu hicho kitakimbia skwea kila siku. Endelea na 220 hadi wino wa pembeni uishe kabisa kwa angalau 25 mm kutoka nchani, ndipo uende 400, 800, na 1200. Kuruka kwenda 1200 mapema ni kung'arisha kasoro.

Jaribio la mwisho ni la kidole: weka ubapa juu ya kioo kitupu, gusa ncha, gusa nyuma. Ukisikia kak-kak, bado.

Na makali?

Mshazari unapigwa kwenye kinoo kwa pembe ileile hadi usikie chuma kimejikunja upande wa ubapa, mkwaruzo mwembamba unaoshika ukucha. Geuza, laza ubapa kikamilifu kwenye kinoo laini, vuta mara mbili tatu. Rudia kwa zamu hadi mkwaruzo uanguke. Kwenye ubapa usiinue hata kwa unywele. Ukiinua mara moja umetengeneza kisu cha pande mbili, na dawa yake ni kurudi kwenye kioo na msasa.

Kwa grenda au jiwe la umeme: tupa iliyotiwa matiko ikigeuka buluu pale kwenye makali, imeharibika hapo. Chovya majini kila sekunde mbili. Chuma cha kasi hakina tatizo hilo, ila usikichovye majini kikiwa moto sana. Huweza kupata nyufa ndogo.

Jaribu kwenye msindano, wala si kwenye mninga. Mbao laini ndiyo inayofichua ubutu: nyuzi zikilala na kuchanika badala ya kukatika, rudi kwenye kinoo.

Mpini wa mbao gani, na unashikaje?

Mpingo, mkwaju, mpera, mninga, chochote kikavu na kigumu. Vipande vya mpingo vinapatikana kwa wachongaji wa vinyago, kama wale wa Mwenge, Dar es Salaam. Vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, vaa barakoa. Mbao yenyewe ina mafuta, ifute kwa spiriti kabla ya gundi.

Usihangaike kutoboa tundu la bapa kwa kekee. Pasua kipande katikati kwa urefu, chonga kwa patasi mfereji wa unene wa chuma kwenye nusu moja, laza msuka, ubandike nusu ya pili kwa epoksi, ile gundi ya mirija miwili. Ukipanga nyuzi kama zilivyokuwa, mpasuo hauonekani. Kwarua msuka kwa msasa namba 80 na uufute kwa thina kwanza. Mpini unaochomoka karibu daima ni msuka uliobaki na mafuta ya matiko. Msumari wa shaba njano wa 3 mm kupitia tundu unamaliza wasiwasi. Kwa chuma cha kasi kisichotoboka, kata pengo mbili tatu ubavuni mwa msuka kwa grenda ili gundi ipate pa kushika.

Noleo, yaani pete ya chuma mdomoni mwa mpini, si lazima hapa. Kisu hiki hakigongwi.

Umbo: chonga pande nane au ubonyee kidogo. Mpini wa mviringo unabiringika, na kisu kikianguka mezani hutua kwa ncha.

Nakichoreaje mstari?

Skwea ya chuma, si ya mbao wala alumini, kisu kitaila. Weka ncha kwenye alama, isogeze skwea hadi iguse ubapa, ndipo ubane skwea. Mvuto wa kwanza uwe mwepesi kabisa, kama unaonyesha njia tu. Wa pili na wa tatu ndio wa kukata. Wanaobonyeza mara ya kwanza ndio wanaosukuma skwea na kulaumu kisu.

Mbao inayobaki iwe chini ya skwea, mshazari utazame upande wa kutupwa. Ukuta wima unabaki kwenye kazi yako, uliobondeka unaondoka na msumeno. Ukitaka msumeno uingie wenyewe, nyofoa kwa patasi kijipande chembamba upande wa kutupwa.

Kufuata urefu wa nyuzi, kisu hupotezwa na uzi. Hapo tumia geji ya kuchorea, kifaa kinachochora mstari sambamba na ukingo wa ubao.

Mstari hauonekani kwenye mbao nyeusi.

Pitisha chaki juu yake, futa na kiganja. Inabaki ndani ya mfereji.

Kutu?

Pwani, usiku mmoja unatosha. Futa jasho la mkono, paka mafuta ya cherehani, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu. Kipande cha kizibo kwenye ncha kinatosha.